Deni lililipwa 2022, ripoti moja ya CRB bado inasema halilipwi. Nani wa kurekebisha?

Stoku_Kongowea

Wadau, salamu. Naomba msaada wa wanaoujua kwa undani mfumo wa CRB wa hapa Kenya, zile kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji, maana jibu la "lipa deni lako" halitusaidii hapa. Deni lenyewe lilishalipwa.

Nina ripoti mbili za mkopaji mmoja, zimetolewa na kampuni mbili tofauti ndani ya wiki moja. Mkopo ni uleule: wa simu, wa benki, Sh3,400, ulitolewa 12 Agosti 2021 kwa siku 30. Ulilipwa wote 6 Aprili 2022 na ujumbe wa M-Pesa upo.

Ripoti ya kwanza inasoma hivi:
Kiasi cha awali 3,400. Salio 3,871. Siku za kuchelewa 201. Hali ya akaunti: hailipwi. Tarehe ya taarifa: 31 Machi 2022.

Ya pili:
Kiasi cha awali 3,400. Salio 0. Hali ya akaunti: imefungwa. Tarehe ya taarifa: 30 Aprili 2022.

Sasa ameomba Sh150,000 za kuongeza stoku kabla ya Ramadhani, na afisa wa mikopo amemkatalia kwa kusoma ile ya kwanza. Nauliza: kwa nini ripoti zinatofautiana? Nani ana mamlaka ya kurekebisha, CRB au benki? Ikirekebishwa, historia ya kuchelewa inafutika au inabaki? Na je, huu mfumo una faida yoyote kwa mkopaji, au umewekwa kwa ajili ya benki tu?

---

Faili_la_Mwezi

Ndugu, jibu la swali la kwanza umeliandika mwenyewe. Tazama tarehe za taarifa. Ripoti ya kwanza imesimama 31 Machi 2022, deni likalipwa siku sita baadaye. Ya pili ilipokea taarifa za Aprili, ya kwanza haikuzipokea. Hakuna mtu aliyekataa kufuta jina. Kuna mstari mmoja ambao haukufika.

CRB haijui chochote ambacho mkopeshaji hakuituma. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mkopeshaji huzitumia zote tatu faili la namna moja, na kila kampuni hulipokea, hulikagua na kulihifadhi kivyake. Ndani ya faili, kila akaunti ina mstari wake: nambari ya kitambulisho, majina, tarehe ya kuzaliwa, simu, nambari ya akaunti, kiasi cha awali, tarehe ya kutolewa, rejesho, salio, malimbikizo, siku za kuchelewa, hali ya akaunti, tarehe ya malipo ya mwisho. Mistari hiyo ndiyo inayogeuka kuwa ripoti. Afisa wa mkopo anaposema "CRB imekukataa", CRB haikusema neno. Imeonyesha mstari tu.

Mstari huharibika kwa njia ambazo ukishazizoea unazitambua kwa kutupa jicho mara moja.

Iliyo ya kawaida zaidi ni akaunti kupotea siku inapolipwa. Mfumo wa mkopeshaji umepangwa utoe akaunti zenye salio. Akaunti ikifika sifuri inatoka kwenye orodha, kwa hiyo mwezi ule haitumwi kabisa. Upande wa pili, CRB haichukulii kwamba ukimya ni malipo. Inabaki na picha ya mwisho iliyo nayo. Kinachotakiwa ni mstari mmoja wa mwisho, wenye salio 0, hali "imefungwa" na tarehe ya kufungwa. Mkopeshaji makini huutuma kwanza ndipo anaitoa akaunti kwenye orodha.

Ya pili ni mstari kukataliwa mlangoni. Tarehe ya kuzaliwa haipo, au nambari ya kitambulisho imepungua tarakimu moja, au simu imeandikwa mahali pa jina. Kampuni moja inaupitisha, nyingine inaurudisha katika orodha ya makosa. Kama hakuna anayeifungua orodha hiyo, akasahihisha na kutuma upya, mwezi unapita na mstari umekwama. Kwa kuwa kampuni moja ilipata taarifa ya Aprili na nyingine haikuipata, kwako naelekea kuamini ni hili.

Ya tatu ni benki kuhamia mfumo mpya. Akaunti inapewa nambari nyingine, ile ya zamani inabaki yatima, na mkopo mmoja unaonekana mara mbili: mmoja umelipwa, mmoja unadaiwa. Ukiona kiasi cha awali na tarehe ya kutolewa vinafanana lakini nambari za akaunti hazifanani, usihangaike kutafuta deni la pili.

Kuna na salio la shilingi chache. Mtu analipa kiasi alichoambiwa Ijumaa, malipo yanaingia kwenye leja Jumatatu, riba ya siku tatu inabaki, na akaunti haifungwi. Kanuni za Aprili 2020 ziliweka kiwango cha chini: deni lisilofika Sh1,000 halipelekwi CRB kama taarifa mbaya. Lakini akaunti isiyofungwa bado inaonekana kuwa wazi, na riba ikiendelea kupanda inaweza kukivuka kiwango hicho.

Kwa hiyo anayerekebisha ni benki iliyokopesha. CRB haiwezi kubadilisha salio kwa sababu mteja ameonyesha risiti. Inaweza, na inalazimika, kupokea pingamizi, kuweka alama kwamba taarifa hiyo inabishaniwa, na kumwuliza aliyeituma.

---

Kifungu_kwa_Kifungu

Faili_la_Mwezi ameeleza vizuri. Niongeze jambo ambalo kwa mkopo huu ni zito kuliko lile la Aprili.

Hesabu siku. Mkopo ulipaswa kulipwa 11 Septemba 2021. Siku ya 90 ya kuchelewa ni 10 Disemba 2021, na siku 90 ndipo mkopo unapohesabiwa kuwa haulipwi. Kumbuka kilichokuwa kikiendelea wakati ule. Mikopo isiyozidi Sh5 milioni iliyokuwa ikilipwa vizuri na ikaharibika kuanzia 1 Oktoba 2021 ilisitishiwa kuorodheshwa kwa miezi 12, hadi 30 Septemba 2022. Ilikuwa nafuu ya kipindi cha korona.

Tarehe 1 Oktoba mkopo huu ulikuwa umechelewa siku 20 tu, haujaharibika. Uliharibika Disemba, ndani ya muda wa nafuu, na ukalipwa Aprili, bado ndani ya muda huohuo. Mstari wa "hailipwi" wa 31 Machi 2022 haukupaswa kutumwa hata siku moja. Pingamizi liandikwe hivyo: kosa la kwanza ni kuorodhesha wakati wa kusitishwa, kosa la pili ni kutotuma taarifa ya kufunga. Ukiandika la pili peke yake, benki itarekebisha salio iwe 0 na kuiacha historia mbaya palepale.

Jambo lingine la kuuliza ni notisi. Mkopeshaji anatakiwa kumjulisha mteja siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Ombeni nakala ya notisi hiyo na mwonyeshwe ilitumwa lini na kwa nambari gani ya simu.

Kuhusu historia: kulipa hakufuti. Taarifa ya mkopo ulioharibika hukaa miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa, ikionekana kama deni lililolipwa baada ya kuchelewa. Kwa mkopo wa kawaida uliolipwa 6 Aprili 2022 ingekuwa hadi Aprili 2027. Ndiyo sababu tofauti kati ya "imerekebishwa salio" na "imeondolewa kwa kuwa ilitumwa kimakosa" ni ya kupigania.

Msichanganye nafuu hii na ule mpango wa Novemba 2022 wa kurekebisha rekodi za mikopo ya simu ya siku 30 au pungufu. Ule ulikuwa wa mikopo iliyokuwa bado haijalipwa. Wakopeshaji walitakiwa kupunguza angalau nusu ya deni, mteja alipe lililobaki hadi mwisho wa Mei 2023, na hali ibadilishwe. Benki Kuu ilisema ungewagusa wakopaji wapatao milioni 4.2 na mikopo ya Sh30 bilioni. Mkopo wako ulikuwa umeshalipwa, hauhusiki. Ila walioutumia mpango ule nao wakague ripoti zao, maana nusu iliyosamehewa isipofutwa kwenye leja inaendelea kusomeka kama salio.

---

Karani_wa_Mikopo

Hatua za kufuata, kwa mpangilio huu:

Toa ripoti ya kampuni ya tatu pia. Una mbili, na hujui ya tatu inasema nini wala benki ijayo itasoma ipi. Kila kampuni inapaswa kumpa mtu ripoti moja bure kwa mwaka. Metropol hupatikana kwa *433#, zote tatu zina tovuti. Akiombwa ada ya kujiandikisha, hiyo ni ya huduma ya simu, haiondoi haki ya ripoti ya bure.

Omba Safaricom taarifa kamili ya M-Pesa ya Aprili 2022. Ujumbe wa simu peke yake ni dhaifu, ukipotea umekwisha. Taarifa kamili inaonyesha msimbo wa muamala, tarehe, nambari ya malipo na kiasi. Pigia mstari muamala wa 6 Aprili.

Andikia benki iliyokopesha, si tawi la jirani bali kitengo cha malalamiko, kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Nakili nambari ya akaunti kama ilivyo kwenye ripoti, si nambari ya simu. Hapa ndipo barua nyingi zinapokwama: mteja anaandika "mkopo wangu wa 2021", karani anatafuta kwa simu, anakuta akaunti mpya yenye salio 0, anajibu "huna deni kwetu", na mstari mbaya unabaki CRB. Omba vitu viwili: barua ya kumaliza deni yenye nambari ileile ya akaunti, na uthibitisho kwamba marekebisho yametumwa kwa kampuni zote tatu.

Siku hiyohiyo peleka pingamizi kwa kampuni yenye ripoti mbaya. Ambatisha nakala ya kitambulisho, ukurasa wa ripoti ulio na mstari huo, taarifa ya M-Pesa, na ripoti ya pili inayosema "imefungwa". Hiyo ya pili ni ushahidi mzuri kuliko risiti, kwa sababu ni benki yenyewe iliyoitoa taarifa ile. Andika kwa ufupi:

"Napinga taarifa ya akaunti nambari … iliyosomeka 'hailipwi' tarehe 31 Machi 2022. Kwanza, mkopo huu ulifikisha siku 90 tarehe 10 Disemba 2021, wakati uorodheshaji wa mikopo isiyozidi Sh5 milioni ulikuwa umesitishwa. Pili, ulilipwa wote 6 Aprili 2022, muamala nambari … Naomba taarifa mbaya iondolewe na akaunti isomeke imefungwa."

Chukua nambari ya kumbukumbu. Wakikaa kimya, peleka malalamiko Benki Kuu, kwa kuwa ndiyo inayozisimamia benki na CRB. Njia ya pili ni ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake zisizo za kweli.

Wakati unasubiri, mpelekee afisa aliyekataa mkopo ripoti zote mbili pamoja na barua. Wengi wana ruhusa ya kuliangalia ombi upya wakiona mgogoro umeandikishwa.

---

Mizani_ya_Mkopo

Nijibu swali la mwisho, kwa sababu watu hulipita haraka.

Kenya ilianza kubadilishana taarifa za mikopo 2010, na mwanzoni benki zilipeana taarifa mbaya peke yake. Neno "kuorodheshwa" limetoka huko na limetuharibia akili. Kwa kanuni za 2013 taarifa nzuri nazo zikaanza kutumwa. Leo karibu kila mwenye mkopo wa benki yuko CRB, anayelipa na asiyelipa. Kusema "jina langu liko CRB" ni sawa na kusema jina liko benki.

Mkopeshaji anatafuta nini? Cha kwanza si kosa la zamani, ni mzigo wa sasa. Mfano: mfanyabiashara anaonyesha faida ya Sh40,000 kwa mwezi. Ripoti inaonyesha akaunti nne: sacco anarejesha 9,000, benki 11,500, mikopo miwili ya simu 6,200 kwa jumla. Hiyo ni 26,700 inayotoka kila mwezi. Ukimpa Sh150,000 kwa miezi 12, hata kabla ya riba ni 12,500 zaidi. Jumla 39,200. Amebakiwa na 800 ya kula. Hapo afisa atakataa hata kama hajachelewa siku moja maishani, na amefanya vyema kwa pande zote mbili. Bila ripoti, angepewa, na duka lingefungwa.

Cha pili ni idadi ya wakopeshaji waliouliza ripoti yako. Maombi kumi katika wiki tatu yanasomeka kama mtu anayezunguka kuziba deni kwa deni. Mtu kujitazamia ripoti yake mwenyewe si kosa, hilo si ombi la mkopo.

Cha tatu ni mwenendo. Miezi 24 ya "amelipa kwa wakati" kwenye mkopo wa Sh20,000 ina thamani kubwa kwa asiye na hati ya shamba wala logbuku ya gari ya kuweka dhamana. Hiyo ndiyo faida ya mkopaji, nami naiamini kabisa: ukilipa vizuri sacco, benki isiyokujua inaweza kuliona hilo. Vitabu vya chama cha kuchangishana akiba havifiki huko hata kama mwekahazina ni mwaminifu kiasi gani, kwa hiyo mwanachama wa miaka kumi anaonekana mgeni. Kutokuwa na faili si sifa, ni giza.

Alama nazo, ile namba ambayo CRB humpa mkopaji kulingana na mwenendo wake, zisiwatishe. Metropol huzipanga kati ya 200 na 900, na chini ya 400 huashiria deni lisilolipwa. Lakini kila kampuni ina kipimo chake, usilinganishe alama ya moja na ya nyingine. Kwa mteja wa Kongowea, kampuni yenye mstari ule mbaya itakuwa na alama iliyoanguka. Usipoteze muda kulalamikia alama. Rekebisha mstari, alama itahesabiwa upya.

---

Mdau_wa_Tanga

Wakuu, niwape picha ya kwetu Tanzania ili muone palipo na tofauti. Huku wakopeshaji hupeleka taarifa kwenye kanzidata iliyo chini ya Benki Kuu ya Tanzania, na kampuni za kuchakata taarifa za wakopaji, Creditinfo na Dun & Bradstreet, huchota humo. Kwa mpangilio huo, tatizo la kampuni moja kupata mstari na nyingine kuukosa lina nafasi ndogo. Lakini benki ikikosea kwenye chanzo, kosa linatiririka kote kwa usawa, na mkopaji hana ripoti ya pili ya kumsaidia kubishana. Huyo wa Kongowea ana bahati ya kuwa na ushahidi mkononi.

Kwetu kinachosumbua zaidi ni mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kali. Haionekani kwenye ripoti, kwa hiyo benki inaona mteja mwepesi kumbe amebeba gunia mgongoni. Mfumo hauwezi kupima usichoandikiwa.

---

Stoku_Kongowea

Ahsanteni sana, sikuwa na habari kabisa ya ule usitishaji wa 2021. Mawili yamebaki. Kuna jamaa mtandaoni anataka Sh3,000 "asafishe CRB" kwa siku mbili. Na afisa alitaja cheti cha CRB, je, kinahitajika kwa mkopo?

---

Karani_wa_Mikopo

Huyo jamaa usimtumie hata senti, wala nambari ya kitambulisho. Hana mlango wa kuingilia kwenye faili la benki wala la CRB. Anachoweza ni kukuandikia pingamizi unaloweza kuliandika mwenyewe bure, au kukutengenezea cheti bandia ambacho mwajiri au benki itakigundua kwa kukihakiki.

Cheti ni kitu kingine. Kinasema kwamba siku kilipotolewa mhusika hana deni lisilolipwa katika kampuni ile. Kinaombwa zaidi na waajiri, hasa kazi za umma, pamoja na vyeti vya uadilifu vya Sura ya Sita ya Katiba: KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu), EACC (kupambana na rushwa) na polisi. Benki inayokopesha haikihitaji, inavuta ripoti yenyewe. Cha kwanza hutolewa bure kwa kanuni za 2020, na baada ya hapo kinalipiwa. Akikiomba sasa kwenye kampuni ile yenye mstari mbaya hatakipata, kwa hiyo asilipe chochote kabla ya marekebisho.

---

Faili_la_Mwezi

Na akipata jibu kwamba imerekebishwa, asitoe ripoti kesho yake. Asubiri faili la mwezi unaofuata lipite, ndipo atoe tena. Nimeona mistari iliyosahihishwa kwa mkono katikati ya mwezi ikarudi ilivyokuwa, kwa sababu faili la mwezi lilitoka kwenye mfumo uleule usiosahihishwa. Akute vitu vitatu: salio 0, hali imefungwa, na tarehe ya taarifa ambayo si 31 Machi 2022. Tarehe hiyo ikiwa bado ileile, basi hakuna kilichotumwa, hata barua iseme nini.